Mnong'ono wa Nanga na Mashine ya Kusafisha Sauti

Mabawe ni kata mojawapo ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika pembe ambako Tanzania inapakana na Burundi na Rwanda. Msomaji wa pwani, ambaye sikio lake lingependa kulisikia jina hilo kuwa mabawa, aitazame vyema irabu ya mwisho, kwani habari inayofuata inahusu vitu vidogo vya namna hiyo hiyo: herufi moja, pumzi moja, mkwaruzo mmoja, vitu ambavyo mwanadamu huvisikia kuwa maana na mashine huviona kuwa takataka.

Ngara imeundwa na nchi mbili za kale, Bugufi na Bushubi. Bugufi ilikuwa chini ya Mwami wa Burundi. Wajerumani walipokwisha kushindwa katika Vita vya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana ardhi yao kwa mapatano ya mwaka 1919 baina ya Milner na Orts. Baadaye, mwishoni mwa mwaka 1923, nchi ya Gisaka ilirudishwa Rwanda, lakini Bugufi ikabakia Tanganyika. Ndiyo sababu Kihangaza, lugha ya upande huo, ni ndugu wa tumbo moja na Kirundi, na wasemaji wa huku na wa huko husikilizana bila ya mkalimani. Aliyechora mpaka alikuwa na ramani mbele yake. Nyimbo hazikuwa zimeandikwa katika ramani hiyo.

Nchi yote hiyo, kuanzia Bukoba na Karagwe hadi Rwanda na Burundi, na ng'ambo ya pili hadi Kivu, ni nchi ya nanga. Hapa haikusudiwi nanga ya jahazi. Ni ubao mrefu uliochongwa mfano wa mtumbwi usio na kina, na juu yake uzi mmoja hupitishwa kwenda na kurudi mpaka zikapatikana nyuzi saba, kama kwa Wahaya, au nane, kama ilivyo aghalabu kwa Warundi. Zamani uzi huo ulikuwa wa mishipa ya ng'ombe. Kwa Wahaya, mpiga nanga ni msimulizi wa tendi, na Profesa Mugyabuso Mulokozi amewatetea kwa hoja nzito katika makala yake ya mwaka 1983 aliyouliza ndani yake kama watu hao ni washairi wa tendi au sivyo. Jawabu lake ni kwamba ndio, na hata leo ni vigumu kumpinga.

Upande wa Burundi kuna namna ya kupiga nanga ambayo haifanani na nyingine. Mwimbaji haimbi. Ananong'ona. Nyuzi zinapigwa kwa mkariri usiokatika, na juu yake yanapita maneno yasiyo na sauti, pumzi tupu inayofinyangwa kwa ulimi na midomo. Mnong'ono, kwa maumbile yake, hauna kupanda wala kushuka kwa wimbo, kwa kuwa nyuzi za koo hazitikisiki. Ni hewa inayopita kwa fujo katika njia nyembamba. Lakini anayesikiliza huapa kwamba mtu huyo anaimba. Cornelia Fales, mtafiti wa Kimarekani, aliifafanua ajabu hiyo mwaka 2002 katika jarida la Ethnomusicology: nyuzi za nanga hufuata mwendo wa toni za maneno, na Kirundi ni lugha ya toni, basi sikio huichukua sauti ya nyuzi na kuivisha pumzi. Wimbo haupo mdomoni wala haupo kwenye ubao. Umo katika sikio la msikilizaji.

Michel Vuylsteke alikwenda Burundi mwaka 1967 na kinasa sauti, mwaka mmoja tu baada ya ufalme wa Mwami kuondolewa mnamo Novemba 1966, na kazi yake ikatolewa katika santuri ya Ocora ya Ufaransa. Mnong'ono wa nanga umo ndani yake. Kwa hesabu ya fundi wa sauti, hata hivyo, mnong'ono huo ni kelele. Si tusi, ni istilahi. Sauti yenye mitikisiko inayojirudia kwa mpangilio huitwa mlio. Sauti ambayo nguvu yake imetawanyika ovyo juu ya masafa yote huitwa kelele. Mvua juu ya bati ni kelele. Upepo katika migomba ni kelele. Mnong'ono wa mshairi wa Kirundi nao umo katika daftari hilo hilo, na anayeketi leo mbele ya kompyuta kuzisafisha kanda za zamani anakutana na hukumu ambayo ilikwisha kutolewa na watu wasiowahi kuisikia nanga.

Watu wa pwani wasidhani kwamba jambo hili ni la bara peke yake. Herufi nyingi zinazoupa ushairi wa Kiswahili ladha yake zimefanywa kwa kelele hiyo hiyo: sini, shini, fe, the, khe. Katika sauti hizo koo halivumi, ila hewa inakwaruza. Achukuliwe mtu asome maneno matatu: fuka, suka, shuka. Moshi unafuka, msusi anasuka, mtu anashuka. Irabu ni zile zile, ka ni ile ile. Kinachozitenga maana tatu hizo ni aina ya mkwaruzo unaotangulia, basi. Au saka na shaka, au saba na shaba. Mshairi anayefunga kina cha -sha na yule anayefunga kina cha -sa wametofautiana kwa kelele, na beti nzima zinasimama au kuanguka juu yake.

Mashine za mwanzo hazikuwa na haja ya kuiondoa kelele hiyo, kwa sababu hazikuweza kuinasa. Edison alitengeneza fonografu yake mwaka 1877, na kabla ya Vita vya Kwanza wataalamu wa Kijerumani walikuwa wakizunguka Afrika ya Mashariki na mitungi ya nta. Karl Weule alikuwa nayo mwaka 1906 huko kusini, baina ya Wamakua, Wayao na Wamakonde. Jan Czekanowski alinasa nyimbo za Rwanda katika msafara wa mwaka 1907 na 1908, na Erich von Hornbostel akaziandikia uchambuzi uliotoka mwaka 1917. Mitungi ya namna hiyo ilikusanywa katika hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Anayeisikiliza mitungi hiyo husikia kwanza nta. Huvuma, hukwaruza, hugonga kwa kila mzunguko, na sauti ya mtu hutoka kama kutoka chini ya kisima, bila ya sini wala shini, kwa kuwa pembe iliyopokea sauti na sindano iliyoichora hazikufika juu huko. Fuka, suka na shuka humo ni neno moja.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV. Wakati huo umeme ulikwisha kuingia katika kazi ya kurekodi, tangu mwaka 1925, na maikrofoni ilikuwa imeshika mahali pa pembe. Shini zake sasa zinasikika, ijapokuwa kwa taabu. Lakini santuri zenyewe zilitengenezwa kwa gundi ya wadudu wa India iliyochanganywa na unga wa mawe, na unga huo uliwekwa kwa makusudi ili uisage ncha ya sindano iweze kukaa sawasawa katika mfereji. Hiyo ndiyo asili ya ule mchirizo unaomfuata Siti katika kila wimbo, na ambao wazee wengi wa visiwani waliuzoea hata wakauona ni sehemu ya sauti yake. Si sehemu ya sauti yake. Ni jiwe linalokula chuma. Hapo mwenye kusafisha ana haki yote ya kusafisha, alimradi akumbuke kwamba mchirizo wa jiwe na shini ya Siti vinakaa mtaa mmoja, huko juu kwenye mitikisiko maelfu kwa sekunde, na ufagio mpana huvizoa vyote viwili.

Kinyume chake ni vigelegele. Katika taarabu iliyorekodiwa ukumbini, si studio, mtu husikia viti vikisogezwa, watu wakiinuka kwenda kutunza, na mara kigelegele kinapasuka katikati ya mstari. Mhariri wa sauti mwenye bidii hukikata. Anadhani ameusafisha wimbo, kumbe amefuta ushahidi wa pekee kwamba fumbo lile lilimfikia aliyekusudiwa, na katika mstari upi. Wimbo wa mafumbo uliotolewa vigelegele ni barua iliyofutwa anwani.

Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 aliijua tofauti hiyo kwa vitendo. Alikuwa na gari na injini ya kuzalishia umeme. Injini aliiacha mbali na kuvuta nyaya ndefu hadi mahali pa ngoma, na maikrofoni aliishika mwenyewe mkononi, akiisogeza karibu na kinywa cha mwimbaji au na nyuzi kadiri alivyotaka. Usafishaji wake aliufanya kabla ya kurekodi, kwa miguu na kwa mkono. Miongoni mwa aliowarekodi ni Habib bin Seliman, mpiga nanga mashuhuri wa Wahaya. Rekodi za Tracey zilihifadhiwa katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na nyingi zimetolewa tena katika diski za leza kwa ajili ya masikio mapya. Zinasikika vizuri ajabu, na sababu kubwa ya uzuri huo ni zile nyaya ndefu.

Ufundi wa kuondoa kelele baada ya kurekodi ni jambo la karibuni. Katikati ya miaka ya 1970, huko Utah, Marekani, Thomas Stockham alitumia kompyuta kuzirudishia uhai santuri za Caruso. Mwaka 1979 Steven Boll, wa huko huko Utah, alichapisha njia ambayo ndiyo mama wa programu nyingi za leo. Wazo lake ni jepesi hata laweza kuelezwa barazani. Sauti hukatwa vipande vidogo, kila kimoja sehemu ndogo sana ya sekunde, na kila kipande huchambuliwa kwa masafa yake, kwa hesabu aliyoiasisi Mfaransa Fourier mwanzoni mwa karne ya 19. Kisha hutafutwa mahali ambapo mtu amenyamaza. Palipo na kimya cha mtu, husemwa, kilichobaki ni kelele tupu. Kelele hiyo hupimwa, na kipimo chake hutolewa katika kila kipande cha rekodi nzima. Mwaka 2000 ilitoka Audacity, programu isiyouzwa iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na kwa hiyo kazi iliyokuwa ya maabara na studio za matajiri ikaingia katika kompyuta ya mwalimu, ya mtangazaji, ya kijana anayekusanya nyimbo za bibi yake. Anachagua kipande cha kelele, anaiambia programu "hii ndiyo", kisha anachagua wimbo mzima na kubonyeza.

Katika "hii ndiyo" hiyo mna mambo mawili yasiyosemwa. La kwanza, kwamba kelele haibadiliki: iliyo mwanzoni mwa kanda ndiyo iliyo mwishoni. Kwa mvumo wa umeme au mchirizo wa kanda hiyo ni kweli, au karibu na kweli. Kwa mvua ya Kagera si kweli hata kidogo, maana huja, hupungua, hurudi kwa hasira. La pili, zito zaidi, ni kwamba sauti ya mtu hujipambanua kwa kuinuka juu ya kelele kama kilima juu ya tambarare. Irabu ndivyo zilivyo. Konsonanti za pumzi ni vichuguu tu, na mnong'ono mzima ni tambarare yenye mikunjo. Ukikaza kipimo kupita kiasi, herufi za pumzi huanza kumomonyoka moja baada ya moja. Anayesoma shairi hugeuka mtu mwenye pengo. Na mahali palipofutwa vibaya hubakia milio midogo inayozaliwa na kufa, mithili ya ndege wa mbali au mapovu ya maji, milio ambayo haikuwamo chumbani wala katika kanda. Mashine imeondoa kelele iliyokuwapo ikaleta isiyokuwapo.

Kiswahili, tukiachia hesabu, kingeweza kuwafaa mafundi hao. Wao wana neno moja. Lugha hii ina mvumo wa injini, mchakacho wa majani, mkwaruzo wa sindano, kishindo cha mguu, mrindimo wa ngoma, mnong'ono wa mtu, na hakuna mzungumzaji anayezichanganya. Kijana wa kuhariri angeanza kwa kuipa kelele yake jina angekuwa amefanya nusu ya kazi kabla ya kugusa kitufe.

Si haki, hata hivyo, kuacha ionekane kwamba Ngara ni mahali pa kuilaumu mashine peke yake. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilaya hiyo, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Mwezi Agosti mwaka huo BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, jina lenye maana ya kuunganisha jamaa, na humo yalisomwa majina ya waliopotezana. Mwaka 1995 shirika la Wajesuti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Ngara kwenyewe kituo cha Radio Kwizera. Kwizera kwa lugha za huko ni kuamini, ni kutumaini. Jina la mtoto linaposomwa redioni na mama yake yuko chini ya turubai linalopigwa na mvua, hapana anayeuliza juu ya uhalisi wa mandhari. Injini itolewe, upepo utolewe, kila kisicho jina kitolewe, na kama uzuri wa sauti utapotea na upotee. Usafishaji huo ni rehema. Aliyeufanya hakuwa akihifadhi sanaa, alikuwa akitafuta mtu.

Tofauti iko hapo. Rekodi inayotafuta kitu kimoja, jina au shahidi au amri, yaweza kusafishwa hadi mfupa. Rekodi ya utungo haijulikani inatafuta nini, kwa kuwa atakayeiuliza bado hajazaliwa. Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, katika mwongozo wake wa mwaka 2005, ilikwisha kuagiza kwamba nakala ya kwanza itolewayo katika santuri au kanda isipambwe wala isisafishwe. Usafishaji ufanywe juu ya nakala nyingine, kwa ajili ya wasikilizaji. Agizo hilo ni rahisi na halina gharama kubwa, lakini huvunjwa kila siku na watu wema, hasa wale wenye kompyuta moja na diski iliyojaa, ambao husafisha, hufurahi, kisha hufuta faili la mwanzo ili wapate nafasi.

Programu mpya hazipimi tena kimya cha mtu. Tangu miaka ya 2010 zimefundishwa kwa mifano mingi mno ya sauti za watu na mifano mingi ya kelele, hata zikaweza kukisia zenyewe kipi ni kipi. RNNoise ya mwaka 2017 ni mojawapo ya zilizofungua njia, na siku hizi ufundi huo umo katika simu za mkononi. Zinashangaza kwa uwezo wake. Lakini kilichofundishwa hujua alichofundishwa. Mifano mingi zaidi hutoka katika lugha zenye rekodi nyingi zaidi, na watu waliomo humo, karibu wote, wanazungumza kwa sauti ya kawaida. Anayenong'ona utendi juu ya nyuzi nane si mtu ambaye mashine hiyo imekutana naye.

Basi itwae rekodi ya namna ile ya Burundi, iwe imenaswa kwa kinasa cha kaseti katika nyumba ya bati upande wowote wa mpaka. Mhariri anaifungua katika kompyuta na kutafuta, kama alivyofundishwa, mahali palipo na kelele tupu. Mkariri wa nyuzi unakaribia kuijaza rekodi nzima, lakini hatimaye anapapata: nusu sekunde hivi ambapo mkono umepumzika na hakuna mlio wowote, ila mchirizo mwembamba usio na umbo. Ni mshairi, katikati ya neno. Mhariri anakichagua kipande hicho, anaiambia programu "hii ndiyo", na programu inatii. Inapitia wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, ikimtoa. Inayobaki ni nanga safi, nyuzi zake zikipanda na kushuka, na msikilizaji wa Mabawe, akiletewa, huenda akaweza kuutambua mwendo wa toni za maneno ambayo hayamo tena.